Acheni kutudanganya na "kanisa la karne ya 6" la Glendalough

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, nisameheni au msinisamehe.

Kila mara mtu anapandisha picha za magofu ya kanisa kuu la Glendalough kule Ireland na kuandika "lilijengwa na Mtakatifu Kevin karne ya 6". Uongo! Enzi za Kevin, mtawa aliyeanzisha monasteri hapo, makanisa ya huko mengi yalikuwa ya mbao.

Hivi ni kazi kubwa kutazama ukuta? Anzeni mlango wa magharibi. Kichwa chake si cha tao, ni linta bapa ya jiwe. Mawe makubwa yaliyochongwa yanaishia usawa wa mlango huo. Yalitolewa kwenye kanisa dogo la awali yakatumika tena. Kuanzia hapo kwenda juu ni mawe madogo yasiyo na mpangilio. Kisha simameni nje, pembeni: kuta za ubavu zimechomoza kupita ukuta wa mlango, kama mabega mawili. Hiyo ndiyo alama ya makanisa ya kale ya Waayalandi. Chumba cha madhabahu chenye tao la nakshi upande wa mashariki kiliongezwa mwishoni mwa karne ya 12, na ndicho hichohicho mnachokipiga picha na kukiita cha Kevin. Miaka 600 mmeimeza kama maji.

Na ninyi wa kupanda ukutani kutafuta selfi! Katikati ya ukuta ule ni kifusi na chokaa. Mkilegeza jiwe la juu, mvua inaingia, chokaa inalainika na kuoshwa, baridi ikija maji yanaganda na kutanuka, jiwe la uso linasukumwa nje. Na sarafu mnazochomeka kwenye nyufa kuombea bahati? Senti 1, 2 na 5 za yuro ni chuma kilichopakwa shaba. Kikishika kutu kinavimba na kupasua ufa.

Maandishi ya makaburi hayataki chaki wala unga. Mulikeni tochi kutoka ubavuni, herufi zitajitokeza zenyewe.

Halafu hakuna anayesema ya maana: magofu yenyewe ni bure, kinacholipiwa ni jumba la maonyesho. Vaeni viatu vya kushika, maana mawe yale yakilowa ni sabuni, na nyasi zimejaa makaburi. Wikendi ya kiangazi fikeni kabla ya saa 4 asubuhi. Mkikosa pa kuegesha gari, msije kulia hapa.