Nimeulizia kifurushi, nimejibiwa "Soma."

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule yule asiyekosa kwenye uzi wowote wa LaTeX, hii programu yetu ya kupanga maandishi. Simtaji.

Kompyuta ya kazini haina intaneti, kwa hiyo tlmgr, ile inayoshusha vifurushi yenyewe, hainifai kitu, lazima nisakinishe kifurushi kwa mkono. Nikaeleza yote: nimekipakua CTAN, lile ghala la vifurushi mtandaoni, nimekihamisha kwa fleshi, nimefungua zipu, ndani kuna .dtx na .ins (chanzo na maelekezo ya kukifungua), ila .sty, faili ambalo LaTeX inalisoma, hakuna. Salamu juu, shukrani chini. Jibu lake? "Soma." Neno moja. Na nukta!

Nisome nini? README yenyewe inasema sakinisha kama kawaida. Kawaida ya nani? Nimezeeka miaka kumi usiku mmoja mpaka nikajua kumbe unaendesha latex juu ya lile la .ins ndipo .sty inazaliwa. Nikaiweka texmf-local/tex/latex, folda ya watumiaji wote, nikachapa: faili halikupatikana. Naliona! Lipo pale, tunatazamana! Kumbe mti ule wa folda unataka amri ya mktexlsr kwanza, iandike upya orodha ya mafaili. Hizo ni sentensi mbili. Mbili tu angeniandikia! Yeye kaniandikia "Soma." Nikifumba macho naiona ile nukta.

KalamuKavu: Pole sana mkuu. Mimi aliwahi kunijibu "Ni dhahiri." Sikula siku hiyo.

MkwajuNyuma: Usiku mzima kwa .ins moja? Hapo kweli soma, ndugu yangu. Ungeiweka kwenye TEXMFHOME, ile texmf ya kwako mwenyewe, mktexlsr usingeihitaji kabisa.

Mwenye uzi: Na wewe umesubiri nimalize kuteseka ndipo useme! Si ungekuja jana, wakati naambiwa "Soma."?

HerufiMlazo: Kifurushi ni nini, jamani, njooni kwenye fonti. Kuna mtu alinishauri niendeshe updmap-user, amri inayokutengenezea orodha ya fonti ya peke yako. Tangu hapo msimamizi wetu wa kompyuta akiweka fonti mpya kwa watu wote, wenzangu wanazo, mimi LaTeX inasoma orodha yangu ya zamani tu. Namtafuta huyo mtu.

KalamuKavu: Futa hiyo orodha yako, utarudi kwenye ya wote.

Tanbihi77: Afadhali fonti haitembei. Mimi jedwali nimeliandika katikati ya sura, nimeweka h, yaani likae hapa, limekwenda kukaa mwisho wa sura na wenzake wanne. Msimamizi wa tasnifu ananiuliza data iko wapi.

MkwajuNyuma: Ita kifurushi cha float, kisha weka H kubwa, inalilazimisha likae hapo hapo.

HerufiMlazo: Usimdanganye. H kubwa itamtobolea ukurasa.

Tanbihi77: Limetulia!! Asante mkuu. Ila sasa ukurasa wa kabla yake nusu nzima ni nyeupe. Hii nayo inazibwaje?