Tupeane uzoefu: data za utafiti wa uuguzi bila kughushi

Wanafunzi wa uuguzi na ukunga wa Uganda, msimu wa kukusanya data umefika. Tupeane uzoefu: uongo huanzia wapi, na tunauzuiaje?

Sista wa Mbarara
Huanzia kwenye sampuli. Mtu anatumia fomula ya Kish Leslie, ya kukadiria idadi ya washiriki, anapata 384, halafu kliniki yake inapokea akina mama 120 kwa mwezi. Hao 384 atawatoa wapi? Rekebisha: 384 gawanya kwa (1 + 383/120), unabaki na 92 hivi. Tena omba wiki nne, maana kwa wiki mbili hutawafikia. Asiyerekebisha humalizia madodoso hosteli, akibuni majibu mwenyewe.

Msimamizi, Gulu
Na ya hosteli yanajulikana. Kalamu moja, hakuna swali lililorukwa, umri wote ni 25, 30, 35. Dodoso la kweli lina "sijui", lina mama aliyeitwa na daktari akaondoka kwenye swali la tisa. Andika kwamba aliondoka, usimjazie. Anayebuni umri wa mama leo, kesho atabuni presha ya mgonjwa ambaye hakumpima, na hapo mtu anakufa.

Mkunga, Jinja
Msisahau ridhaa ya kushiriki. Ukimwendea mama na sare yako, chati yake mkononi, ataogopa kwamba akikataa hatahudumiwa. Amalize kwanza huduma, kisha aombwe na mtu asiyemhudumia, kwa Lusoga au lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma aweke kidole gumba, na shahidi asiye wa timu yenu asaini.

Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi, na kuanzia miaka 8 mtoto mwenyewe akubali. Lakini binti wa miaka 16 aliye mjamzito au aliyezaa anaridhia mwenyewe, kwa miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Msimtafutie mama mkwe.

Mwanafunzi, Lira
Barua ya ruhusa ya hospitali peke yake inatosha?

Msimamizi, Gulu
Haitoshi, ndugu. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti, ndipo uongozi wa hospitali, mwisho sista mkuu wa wodi. Dodoso liwe na namba ya mshiriki tu, bila jina. Orodha ya majina ifungiwe kabati jingine. Na picha za madodoso zisipite WhatsApp: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamlinda huyo mama.