Vijana wanajua kuogelea, nawafundishaje uokoaji kwenye maji ya kasi?

kasia_mbili:
Wadau habari zenu. Mimi niko Sagana napiga kayaki mwaka wa sita sasa, nimepewa vijana wanne niwafundishe uokoaji kabla mvua za Aprili hazijashika. Shida wote wamekulia mtoni wanaogelea kama samaki, kila nikisema kitu wanaona nawatisha bure. Jana mmoja kapinduka pahali maji ni ya kiuno tu, akasimama anacheka, mkondo ukampiga nyuma ya magoti akaenda kifudifudi, bahati mguu haukunasa. Nianze na kamba ama nini? Ninazo mbili za mita 20, zile za kurusha zinazokaa kwenye mfuko.

mtu_wa_jinja:
Boss kamba iache kwanza, anza na huko kusimama. Mguu ukiingia kati ya mawe na maji yanakusukuma mgongoni huinuki, hata hewa ikiwa shibiri moja juu ya kichwa. Maji yakikubeba ni chali, miguu mbele, vidole vya miguu uvione juu ya maji, na hakuna kusimama mpaka matako yaguse chini. Ukiwaambia tu hawatasikia, wapeleke maji ya magotini wavuke watatu watatu, wa mbele anaegemea kasia akiangalia mto unakotoka, wawili nyuma wamemshika laifjaketi, kisha wasogee kidogo tu kwenye kasi. Mkondo ukiongeza kasi mara 2 nguvu yake inakuwa mara 4, hiyo watairipoti wenyewe na mapaja yao.
Ila mti ulioanguka mtoni ni habari nyingine, hapo chali ni kifo. Unageuka, kichwa mbele, unaogelea kwa nguvu zote kuufuata na unaupanda. Funga bomba la plastiki juu ya maji liwe kama huo mti, wajaribu.

mama_kayaki:
Mkishafika kwenye kamba: unaita KAMBA!, unangoja akutazame, unarusha ipite kichwa chake imwangukie kifuani. Ashike kamba sio mfuko, alale chali, na wewe ukae chini maana atakuvuta. Usihangaike kumvuta, mkondo wenyewe utamzungusha mpaka kando. Na hakuna kuzungusha kamba mkononi, mimi nilizungusha kiganjani mara moja tu, kovu ninalo.
Halafu wafanye sana mrusho wa PILI. Wa kwanza kila mtu anakosa, sasa utawaona wanaanza kurudisha kamba mfukoni polepole kama wanakunja nguo huku mtu anaenda. Vuta haraka, chota maji kidogo kwenye mfuko uwe mzito, rusha.

kasia_mbili:
Asante dada, hiyo ya kuchota maji sikuwa nayo. Kesho asubuhi magotini na kasia, na yule wa jana ndiye anasimama mbele.

mgeni_majini:
Samahani nadandia, mimi sijui kuogelea kabisa na nataka kuja. Laifjaketi inatosha?

mama_kayaki:
Karibu, mwambie tu mwongozaji mapema asikuweke mbele ya boti. Kaza mikanda yote halafu mtu akuvute juu mabegani, ikipanda masikioni omba ingine.