Hilux ya dizeli inazimika mlima wa Mazeras: ni pampu, au mafuta hayaifikii?

Mchukuzi wa Changamwe

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina Hilux yenye injini ya 5L, ile ya lita 3 isiyo na tabo, ambayo ninaitumia kupeleka saruji kutoka Changamwe, Mombasa, hadi Mariakani. Kwa wiki 3 sasa imekuwa ikinitesa kwa namna nisiyoielewa. Asubuhi inawaka mara moja na inapita Miritini vizuri, lakini nikianza kuupanda mlima wa Mazeras nikiwa na mifuko 20, yaani tani moja kamili, nguvu inapungua kidogo kidogo, nikikanyaga mafuta haiitiki, na mwishowe inazimika kando ya barabara huku matrela yakinipita karibu kabisa. Nikisubiri dakika 10 inawaka kana kwamba haijawahi kuugua, kisha yanajirudia yale yale mbele ya safari. Filta nimeshabadilisha mara 2. Fundi mmoja ameniambia kwamba pampu ya dizeli imekwisha, na bei aliyonitajia inazidi mapato yangu ya mwezi mzima. Naomba anayejua anieleze namna ya kuthibitisha jambo hili kabla sijakopa fedha.

Fundi wa Makupa

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Tafadhali usiiruhusu pampu hiyo ifunguliwe bado.

Kwanza tazama bomba la moshi gari linapoanza kulegea. Injini ya dizeli inayotoa moshi mweusi mzito inapata mafuta, ila hewa haiitoshi au nozo, yaani vinyunyizio vya mafuta, zinamwaga badala ya kunyunyiza. Inayokosa nguvu huku moshi ukiwa mwepesi huwa imenyimwa mafuta. Kwa maelezo yako, nadhani yako ni ya pili.

Pampu ya 5L huvuta mafuta yenyewe kutoka kwenye tanki, kwani hakuna pampu ya umeme huko nyuma inayoyasukuma. Kwa hiyo njia yote, kutoka tanki kupitia filta hadi kwenye pampu, iko katika kufyonzwa, na ndiyo sababu kasoro zake hujificha. Mpira wa kupitisha mafuta ukipasuka upande huo, injini inapokuwa inafanya kazi hauvuji dizeli, bali unaingiza hewa. Nimewaona mafundi wengi wakipitisha kidole chini ya gari, wakikuta pakavu, wakasema mipira ni mizima na kuihukumu pampu.

Hata hivyo, hewa siyo ninayoishuku kwako. Mahali panapoingiza hewa huyaacha mafuta yarudi tankini usiku, na asubuhi ungepiga stata mpaka betri ilalamike. Pampu iliyochakaa nayo kwa kawaida hukataa kuwaka injini ikiwa ya moto, na dakika 10 hazitoshi kuipoza injini iliyopanda Mazeras na tani moja. Kinachopona kwa kupumzika tu ni kizuizi: takataka inayovutwa hadi kwenye chujio la bomba ndani ya tanki, ikaziba, kisha ikaachia injini inapozima, au tundu la kupumulia la tanki limeziba, mafuta yakitoka hewa haiingii kujaza nafasi yake.

Fanya hivi. Gari likizimika, fungua kifuniko cha tanki palepale na usikilize. Ukisikia tanki likivuta pumzi kwa nguvu na gari likawaka papo hapo, tatizo ni tundu la kupumulia. Usiposikia kitu, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani mahali ambapo mafuta yanaingia kwenye filta, urudie safari, na gari linapolegea simama pembeni huku injini ikinguruma ili mwenzako afungue boneti na kuutazama. Mapovu yanayopita mfululizo yatamaanisha hewa. Mpira wenyewe ukijibana, kuna kizuizi nyuma yake.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mtungi. Funga mtungi safi wa lita 10 imara kwenye bodi, nyuma ya kichwa cha gari, kamwe si karibu na injini. Peleka mpira wake moja kwa moja kwenye filta, na mpira wa marejeo, ule unaorudisha mafuta ya ziada, uurudishe kwenye mtungi huo huo, la sivyo utaisha upesi. Panda mlima. Gari likipanda vizuri, pampu yako haina hatia. Lakini kumbuka kwamba mtungi ukiwa juu kuliko pampu, mafuta hushuka kwa uzito wake, hivyo mpira uliopasuka kati ya filta na pampu unaweza kuvuja badala ya kuvuta hewa. Upapase wakati huo.

Dereva wa Likoni

Naongeza mambo 2 kwa heshima. Pampu hiyo ina vali ya umeme inayokata mafuta unapozima gari, na waya wake ukilegea injini hukatika ghafla kama iliyozimwa kwa ufunguo. Yako inafifia polepole, kwa hiyo waya huo sidhani kama unahusika.

Pili, nawasihi wasomaji wenye Hilux za injini ya 2KD au D-Max mpya wasifuate desturi yetu ya zamani ya kulegeza nati za mabomba ya nozo injini ikinguruma. Katika injini hizo shinikizo la mafuta huweza kupita bar 1,000, na mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi ya mkono na kuleta jeraha la kupelekwa hospitali mara moja, hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Kwao mashine ya kusoma kompyuta ya gari ndiyo ianze. Namba ya hitilafu P0087 inasema tu kwamba shinikizo ni dogo, haisemi ni kwa nini, na hivyo filta na upande wa kufyonza vikaguliwe kwanza hata huko.

Mchukuzi wa Changamwe

Shukran sana. Kifuniko nilikifungua, hakikuvuta pumzi. Jana nilipanda na mpira unaoonyesha, na mdogo wangu aliyekuwa akitazama injini akaniita: mpira ulikuwa umebanika bapa kama mrija wa juisi unaofyonzwa na mtoto, bila mapovu. Leo asubuhi tumeshusha tanki. Kwenye chujio la bomba kulikuwa na kipande cha nailoni cha ukubwa wa kiganja, na nimekitambua mara moja: ni ile nailoni ninayoikunja chini ya kifuniko cha mtungi wangu wa akiba ili usivuje. Chini ya tanki kuna tope jeusi na maji kama nusu kikombe. Je, nikilipuliza bomba kwa upepo itatosha?

Fundi wa Makupa

Haitatosha. Upepo utairudisha takataka tankini, na baada ya siku chache utasimama tena Mazeras. Kwa kuwa tanki liko chini, lioshe kwa dizeli safi mara 2 au 3 mpaka itoke bila tope, ulikaushe, na usitumie maji. Badilisha mpira uliobanika, kwani ukishazoea kulala hauaminiki, pamoja na klipu zake. Weka filta mpya, kwa sababu ya sasa imeshakunywa maji hayo, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu mkononi kabla hujagusa stata.