Bruxelles mara ya kwanza, nianzie wapi?

Mtoto wa Kadutu:
Bayaya jambo, niko Bukavu, kazi inanituma formasyo kule Bruxelles na nitabaki na wikendi moja ya bure kabla ya kurudi. Sijawahi fika Ulaya. Kila mtu ananiambia Manneken Pis, Manneken Pis, sasa ni hiyo tu? Feza si mingi.

Yaya wa Ixelles:
Karibu mdogo wangu. Manneken Pis ni kasanamu kadogo ka shaba kwenye kona ya njia, watu wamejaa na simu juu, dakika mbili umemaliza. Enda Grand-Place, ule uwanja mkubwa wa mji wa zamani, iko karibu tu, hailipishwi. Mwaka wa 1695 jeshi la Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, liliipiga mabomu, karibu yote ikaungua, zile nyumba za dhahabu unaziona zilijengwa kisha hapo. Hôtel de Ville, jengo la meya, ndiyo ilibaki imesimama, kuta na mnara, ya miaka ya 1400. Utazame vizuri ule mnara, hauko katikati, mkono wa kuume wa jengo ni mfupi kuliko wa kushoto. Rudi tena usiku taa zikiwaka. Kisha upande mpaka Porte de Namur, hapo uko Matongé, mtaa wa Wakongo, pale Square Patrice Lumumba wameifungua tarehe 30 Juni 2018, vyakula vya kwetu, sombe na makayabo, utapata, na kwenye Galerie d'Ixelles bamama wanasuka nywele wanapiga kelele utasema uko Kadutu 😂

Mulushi:
Mtu atoke Bukavu akakule sombe Bruxelles?? Aende Tervuren, kwenye musée ya Afrika. Unakamata tramu 44 pale Montgomery, inapita katikati ya pori la Soignes, ile njia peke yake ni matembezi. Jumatatu wanafunga.

Yaya wa Ixelles:
Mulushi, mi watoto wangu niliwapeleka wakarudi wamenyamaza. Si pahali pa kwenda kujifurahisha.

Mulushi:
Ndiyo maana aende. Mwaka wa 1897 Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, alileta Wakongo 267 akawaweka pale kwa maonyesho, saba wakafa, makaburi yao iko pembeni ya kanisa la Tervuren. Ndani ya musée kuna ukuta wa majina ya Wabelgiji waliokufia Kongo, sasa Freddy Tsimba wa Kinshasa akaandika majina ya wale saba kwenye vioo, jua likitoka kivuli cha majina yao kinaangukia ule ukuta. Uchague siku ya jua.

Mtoto wa Kadutu:
Aksanti sana. Basi Jumamosi Grand-Place na Matongé, Jumapili Tervuren. Na kutoka erepoti ya Zaventem nikamate taksi?

Yaya wa Ixelles:
Taksi itakumaliza! Treni iko chini ya erepoti palepale, unashuka gare ya Central, Grand-Place unaenda na miguu. Ukipita Gare du Midi simu ikae mufuko ya mbele. Na ubebe koti hata kama ni mwezi wa saba.