Majirani Kona ya Bomba, Sombetini

Mwenezi 18:52
Habari za jioni wapendwa. Kwa ambao hamjasikia, bendi yetu imevunjika. Mwimbaji ameshapanda basi la Dar, anaenda kurekodi peke yake.

Mwenezi 18:54
Mimi siwezi kunyamaza. Jioni zote zile vyombo vinatetemeka kabatini wakifanya mazoezi stoo kwa Bibi, leo waishe hivihivi? Naomba tukutane JUMAMOSI saa 10 jioni kwangu. Mchango 5,000 kila nyumba. Tuwaite wote wanne wapatane.

Mwenezi 19:26
Naona tiki za bluu tu

Mama Maandazi 19:31
Elfu tano ya nini, tunawaozesha?

Chalii wa Boda 19:32
😂😂 mahari ya mpiga besi

Fundi Redio 19:40
Inauma aisee. Ule wimbo wao wa mvua, solo ikiingia pale katikati nilikuwa naiacha redio ya mtu imefumuliwa mezani nasikiliza mpaka mwisho. Na hakuna kituo kilichowahi kuupiga.

Mwenezi 19:43
Ndiyo hoja yangu! Nyimbo 11 ziko kwenye flashi yangu, kwingine hakuna. Zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya wote wanne, zisije zikatokea Dar zina jina la mtu mmoja.

Chalii wa Boda 19:44
flashi ile yenye mahubiri? 😂

Mwenezi 19:44
Ile nyingine. Tusitoke kwenye mada.

Dada wa Njiro 19:58
Jamani makundi huvunjika. G-Nako na Lord Eyez si walikuwa Nako 2 Nako? Baadaye wakawa Weusi, leo nani hawajui? Na Joh Makini, mwenzao wa Weusi, alianzia kundi la River Camp, hapahapa Arusha.

Fundi Redio 20:03
Wale wanachana dada. Mchanaji akiondoka anaondoka na mdomo wake, kesho anachana kwingine. Bendi akitoka mmoja, ngoma zinabaki zimekaa.

Chalii wa Boda 20:04
nikki wa pili wa weusi 2021 si aliteuliwa mkuu wa wilaya kisarawe, mpiga besi wetu ajiandae 😂

Mama Maandazi 20:06
Huyo alipe kwanza chapati zangu

Mwenezi 20:09
Mnacheka. X Plastaz, kundi la hapahapa Arusha, walianza 1996, albamu ya Maasai Hip Hop ikatoka 2004, wakapiga hadi Ulaya. Walipoanza nani aliwajua? Hawa wetu hata hiyo nafasi hawakuipata.

Baba wa Kona 20:15
Kwa kuwa tuko kwenye michango. Ile spika tuliyowachangia mwaka wa kipaimara iko wapi?

Mwenezi 20:19
Iko salama.

Baba wa Kona 20:19
Salama wapi? Juzi nimeisikia kwako inatangaza Simba na Yanga.

Mwenezi 20:22
Naitunza isipate unyevu. Stoo inavuja.

Mama Maandazi 20:23
Haya

Dada wa Njiro 20:25
_Ujumbe huu umefutwa_

Bibi wa Stoo 20:47
Nimesomewa yote. Ngoma nimezifunika turubai na ufunguo ninao mimi. Mjukuu wangu tangu Alhamisi chakula anakigusagusa tu. Na huyo aliyeondoka nimemlisha mimi, alikuja kuniaga analia. Hawakugombana. Wamechoka kupiga bure. Mbauda kule walipiga mpaka alfajiri wakapewa soda. Mlikuwepo, mlicheza. Msiwaite kikaoni kama wezi wa kuku.

Fundi Redio 21:10
Shikamoo Bibi.

Dada wa Njiro 21:11
Shikamoo Bibi, pole sana

Chalii wa Boda 21:15
shkamoo bibi

Mwenezi 21:16
Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Bibi wa Stoo 21:20
Marahaba. Na stoo haivuji.

Mwenezi 21:41
Basi wao wasiitwe. Tukutane sisi wapenzi wao tu, tuzisikilize nyimbo, halafu tuzungumzie COSOTA. Spika ipo.

Baba wa Kona 21:42
Spika irudi stoo kwanza.

Mwenezi 21:42
Itarudi Jumamosi baada ya kikao.

Baba wa Kona 21:43
Kabla.

Fundi Redio 21:50
Mwenezi, kesho niletee flashi kibandani nitoe nakala. Zikiungua hizo ndiyo basi tena. Wote wanne wapate, hata wa Dar. Silipishi.

Mama Maandazi 21:52
Hapo sasa. Ule wa mvua nirushie na mimi

Jirani Zamu ya Usiku 23:58
Samahani nilikuwa kazini. Nimetuma 3,000, nyingine mwisho wa mwezi. Msiba ni wa nani?

Mwenezi 06:12
Jamani Jumamosi ipo au haipo? Mwenye viti anataka jibu leo.

Baba wa Kona 06:30
Spika.