Mteja hatajwi, ila jicho limekonyezwa!

Wadau, nimetoka kwenye mkutano wa wanahisa sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Anatengeneza unga wa silikoni wa kuweka kwenye betri, na akiba yangu yote imelala kwake.

Nikauliza kistaarabu: huyu "mteja wa sekta ya ulinzi" mliyemtangaza kwenye taarifa yenu ni nani, na amenunua kilo ngapi? Akajibu, "Hayo ni mambo ya usalama." Halafu AKAKONYEZA. Mbele ya kamera! Jicho la kushoto!

Kama ni siri, iwe siri. Siri gani ina picha ya droni ukurasa wa kwanza wa taarifa, na kofia ya chuma ya askari kwenye rafu nyuma ya kisogo chake? Pentagon yenyewe, wizara ya ulinzi ya Marekani, kila siku ya kazi, saa 11 jioni, hutangaza mikataba ya kuanzia dola milioni 7.5: nani kapata, kiasi gani. Wenye mabomu wanasema, muuza unga anakonyeza!

Chuma Chakavu: Muuza unga asipokonyeza atafanyaje biashara? 😂

Bibi Hesabu: Mwanangu, hilo tangazo halitakusaidia. Yeye anamuuzia mtengeneza seli za betri, seli inaenda kwa mtengeneza droni, droni ndiyo inafika jeshini. Jina lake halionekani popote. Huenda kauza kopo moja la sampuli.

Mleta uzi: Sampuli haikonyezewi, Bibi!

Nyundo: Afadhali wako kakonyeza. Mimi nilinunua hisa nikiambiwa ni betri za baiskeli. Miaka miwili baadaye nasoma tanbihi, herufi kama mayai ya chawa: makombora. Hakuna aliyenipepesea hata kope.

Chuma Chakavu: Na wewe ulikuwa unasoma tanbihi ya nini?

Kobe Mzee: Silikoni ikichajiwa huvimba zaidi ya mara tatu. Kama taarifa zake tu.

Nyundo: Usiseme kuvimba. Simu yangu imevimba mpaka kioo kimebanduka.

Bibi Hesabu: Izime sasa hivi, usiichaji tena. Na usiitoboe!

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye jicho la kushoto.

Nyundo: Nimeshaitoboa.